Dawa ya Kifua

Mafundi wa makochi waliofunzwa kazi kwa utaratibu wa zamani hawashiki misumari mkononi. Huitia mdomoni, ulimi ukaigeuza mmoja mmoja hadi kichwa kikatangulia, nyundo yenye sumaku ikaja kuupokea midomoni, na mkono wa pili ukabaki huru kuvuta kitambaa kisije kikafanya makunyanzi. Anayefanya kazi hiyo sharti apumue kwa pua, tena taratibu, wala asichekeshwe. Katika karakana moja iliyojibanza nyuma ya duka la vioo, hapakuwa na aliyeiweza kama kijana mmoja ambaye wenzake walimwita Cherehani, kwa kuwa misumari ilimtoka kinywani kwa mwendo usiokatika, mithili ya sindano ipitayo juu ya nguo.

Siku aliyokohoa akiwa na misumari mdomoni, nyundo zote zilinyamaza. Mmoja ulikuwa umemteleza ukakwama nyuma ya ulimi. Fundi Mkuu, mzee mpana wa mabega asiyependa maneno mengi, alimwinamisha juu ya kochi la mteja akampiga kiganja cha mgongo hata misumari ikamwagika yote, na mate, na machozi. Aliyevunja kimya alikuwa fundi wa kupaka vanishi, jirani yake wa benchi.

"Cherehani imekatika uzi," alisema, na wengine wakacheka kwa kushusha pumzi.

Fundi Mkuu hakucheka. Alitazama sponji kuukuu walizokuwa wakizing'oa katika viti, zilizokuwa zikivunjika na kuwa unga wa manjano, akahukumu papo hapo kwamba adui ni vumbi. Kuanzia siku ile kila fundi alifungwa barakoa, na Cherehani akawekewa misumari yake katika kisahani, kama mwanafunzi. Kwa kisahani alikuwa mzito: mkono uende kwenye misumari, urudi, kitambaa kilegee, aanze upya. Wateja waliokuwa wakimtaka yeye kwa jina lake la utani walianza kupewa fundi mwingine. Aliliona hilo, nalo lilimuuma kuliko koo.

Lakini vumbi halikuwa na hatia, na Cherehani alijua.

Katika mfuko wa suruali yake mlikuwa na kijidude chembamba mfano wa kalamu, kinachochajiwa kama simu, ndani yake mna mafuta ya bangi. Alikipata kwa yule yule fundi wa vanishi, wakati mgongo wake ulipokuwa ukimnyima usingizi kwa kuinama kutwa. Mwenzake alimweleza kwamba bangi ya kusokota kwenye karatasi ni mambo ya watu wasiojipenda, kwa sababu ule ni moshi, na moshi ni masizi. Hiki hakichomi kitu, hupasha moto tu, kinachotoka ni mvuke. Akamwuliza: je, bibi zetu hawakutufukiza kwa mvuke tulipobanwa na mafua? Nani alikufa?

Hoja ilikuwa tamu, na moyo unaotaka kitu haukosi wakili. Mwanzo alilala vizuri. Kisha koo likawa kama limepitishwa msasa, kavu na lenye kuwasha, na kila asubuhi alikohoa kabla ya kusema neno. Kisha kifua kikaanza kupiga mluzi alipopanda ngazi. Badala ya kukiacha kile kijidude, alizidi kukivuta, kwa kuwa kilimsahaulisha kwa saa chache hofu ambayo chenyewe ndicho kilichomletea.

Mama yake alimkuta nacho siku moja alipoingia chumbani bila kubisha, amebeba nguo zilizokauka. Wawili hao waliishi peke yao tangu baba alipofariki na dada kuolewa. Mama alisimama mlangoni, akautazama mvuke uliokuwa ukipanda kuelekea dirishani, akauliza ni kitu gani hicho.

"Dawa ya kifua, mama," alisema Cherehani. "Kwa ajili ya lile vumbi la kazini."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kumwezesha kufunga mlango tu. Lakini uongo, ukipata mtu mwema wa kuulea, hukua haraka kuliko mwenyewe alivyokusudia. Mama alikuwa amewalea watoto wake kwa kufukiza. Mara ngapi alikuwa amewafunika blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto, mmoja akipiga kelele, mwingine akicheka. Mvuke ni dawa: kwake hilo halikuhitaji ushahidi. Akamshukuru Mungu aliyewapa wataalamu akili ya kuutia mvuke ndani ya kalamu. Tangu hapo akakichukua kile kijidude chini ya ulinzi wake. Alikichaji mwenyewe, akakifuta kwa leso safi, akakiweka juu ya rafu kando ya tasbihi yake, na kila baada ya sala ya magharibi alimletea mwanawe juu ya sinia, pamoja na bilauri ya maji ya uvuguvugu.

"Umevuta dawa yako?" ndilo lililokuwa swali lake. Akiona bado, husimama pale pale mpaka avute.

Zilikuwapo siku ambazo Cherehani hakutaka, siku ambazo mkwaruzo wa kooni ulimtisha kweli. Lakini kukataa kulidai maelezo, na maelezo hakuwa nayo ila yale asiyoweza kuyatamka mbele ya mwanamke anayemtilia dua katika kila pumzi. Akavuta. Mama akasema alhamdulillahi, akaondoka na sinia.

Ijumaa moja alirudi nyumbani kutoka kazini kabla ya saa za kufunga. Alishika ukuta toka langoni hadi mlangoni. Alipoketi, hewa ilikuwa ikiingia nusu na kutoka robo. Mishipa ya shingo imesimama, maneno hayapati nafasi ya kupita. Mama alikimbilia rafu.

"Vuta, mwanangu. Vuta, kwa jina la Mungu."

Alitikisa kichwa. Mama alidhani ni udhaifu. Akamkalia ubavuni, akamwegemeza kichwa kifuani pake kama alipokuwa mdogo, akamfuta mate, akamshikia kile kitu midomoni. Kijana alijaribu kuugeuza uso. Mkono wa mama ulikuwa imara kwa mapenzi. Akavuta, kwa kuwa ilikuwa avute hicho au asivute kitu. Mvuke ulipomtoka puani mama aliona nuru ya matumaini, akamvutisha tena. Ndipo midomo ya mwanawe ikageuka rangi, na yeye akapiga kelele zilizomleta jirani mwenye gari.

Hospitalini walimtia barakoa ya oksijeni, wakamchoma sindano, wakampiga picha ya kifua. Asubuhi iliyofuata daktari, mwanamke mpole wa sauti, aliinua picha ile dirishani akawaonyesha weupe uliotanda kama ukungu katika mapafu yote mawili. Fundi Mkuu naye alikuwapo, amekuja na kipande cha sponji kuukuu ndani ya mfuko wa nailoni, akampa daktari kama mtu anayekabidhi nyoka aliyemuua. Daktari alimshukuru, akasema vumbi hilo si zuri kwa mtu yeyote, ila haliwezi kumwangusha kijana kwa kasi hii. Akamgeukia mgonjwa, akamuuliza kama anavuta sigara, au kitu kingine chochote.

Cherehani alimtazama mama yake, aliyeketi upande wa pili wa kitanda, tasbihi mkononi. Akatikisa kichwa.

"Nisipojua kilichoingia humu, natibu kwa kubahatisha," daktari alisema. "Na wewe huna pumzi za kubahatishia."

Akatikisa kichwa tena. Hapo mama, aliyeona daktari anataabika, akataka kumsaidia.

"Ana dawa yake ya kuvuta, nzuri sana, ya mvuke. Sikuja nayo, nilijua nyinyi mna zenu. Jana usiku nilimwomba jirani aliyetuleta ampelekee binti yangu, mtoto wake ana pumu. Nimemwambia akibanwa tu, amvutishe."

Cherehani alikitoa kinyago cha oksijeni usoni. Muuguzi alinyoosha mkono kumzuia, daktari akamwashiria amwache. Kisha maneno yakamtoka, moja moja, kila moja likisubiri mwenziwe apate hewa.

"Mama. Mpigie dada."

"Kuna nini, baba?"

"Asimpe." Akakohoa hata kitanda kikatikisika. "Si dawa. Ni bangi."

Mama alimtazama Fundi Mkuu, kana kwamba yeye ndiye angemfasiria. Mzee aliinamisha uso. Ndipo mama akatafuta simu ndani ya mkoba, vidole vikakosea jina, vikakosea tena, mpaka muuguzi akambonyezea. Dada alipokea haraka. Akasema kwamba mtoto alibanwa kweli alfajiri, na kwamba kile kijidude alishakiwasha akampelekea mdomoni. Mtoto akalia kuwa kinanuka vibaya, akakisukuma, naye akaamua kumpulizia dawa yake ya kawaida ya kliniki. Sasa mtoto anakunywa chai. Kijidude kiko dirishani. Mama alimwambia akitupe chooni. Daktari akasema la, kifungwe vizuri kiletwe, kwani angependa kujua mafuta hayo yalichanganywa na nini.

Simu ilipokatwa, daktari alimrudishia mgonjwa oksijeni, akaeleza kwamba sasa anajua aanzie wapi, ila hatawadanganya: mapafu hayo huenda yakapona, huenda yakabaki na makovu, na kwamba kuvuta na kutoa pumzi ndefu kama zamani ni jambo ambalo hawezi kuliahidi. Fundi Mkuu aliuokota mfuko wake wa sponji, akauficha nyuma ya mgongo, akaaga kwa sauti ndogo.

Mama alikuwa akivitazama viganja vyake.

"Mimi ndiye niliyekushika kichwa," alisema.

Cherehani akataka kukivua tena kinyago.

"Usiseme. Pumua."

Tasbihi ilikuwa imelala mapajani mwake, wala hakuisogeza hata punje moja. Baadaye muuguzi aliingia na kikombe kidogo cha dawa, akampa yeye amnyweshe mwanawe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mama akakipokea. Akakiinua, akakifikisha karibu na midomo ya kijana, kisha mkono ukasimama hewani.

"Hii ni nini?" alimuuliza muuguzi.

Akaelezwa. Akaomba aelezwe tena, na mara ya pili hakumtazama muuguzi. Alimtazama mwanawe machoni, akasubiri aitikie kwa kichwa, na hata alipoitikia, mkono wake haukusogea.