Kipokezi cha Chita

Tangu mwenzake Evod apate kazi Dodoma, Violeth alibaki peke yake na mradi wa kupima kina cha mto. Vipimo vilikuwa huko mtoni, vikituma taarifa kwa redio hadi kwenye kipokezi alichokifunga juu ya paa la nyumba aliyopanga chumba, kijijini Chita. Kutwa nzima aliikodolea kompyuta macho. Jioni alimwamkia mama mwenye nyumba, basi, siku imekwisha.

Masika yalipoanza, kipokezi kikawa kinazimika. Mawimbi yaligonga milima na miti iliyolowa, yakafika yamedhoofika na kuchanganyikana. Ili ijue kilichotumwa, kompyuta ililinganisha mchanganyiko huo na kila ujumbe uliowezekana, maelfu kwa maelfu. Jua lililochaji betri ya kipokezi na kompyuta nalo lilikuwa limefunikwa na mawingu. Betri ilikwisha kabla jibu halijapatikana.

Alimpigia Evod.

"Ongeza sola," Evod alisema, sauti ikikatikakatika. "Niko kikaoni, dada."

Hela ya sola haikuwepo. Violeth akaketi kuandika programu upya, mvua ikipiga bati hata asisikie pumzi zake. Safari hii kompyuta ingekisia jibu moja upesi na kupima kosa lake, yaani tofauti yake na mawimbi yaliyofika. Kisha ingejaribu njia nyingine za kuujenga ujumbe hatua kwa hatua, na njia yoyote ambayo kosa lake limeshazidi lile la kwanza ingeachwa katikati, pamoja na matawi yake yote. Jibu lingekuwa lile lile; ingepungua kazi tu.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, namba za mto zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, na betri haikuyumba. Violeth akapiga ukelele. Hakuna aliyeitika. Akamwandikia Evod, akajibiwa kwa picha ya dole gumba.

Mama Odilia, mwenye nyumba, alirudi kutoka misani akamkuta amekaa kizingitini, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefiwa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Kimefanya kazi."

Mama Odilia hakuelewa ni nini kilichofanya kazi. Akavua viatu vyenye tope, akaketi kando yake. "Haya, nieleze."

Violeth akaeleza tangu mwanzo. Hakufika mbali, mama akasinzia, kichwa kikamwegemea begani. Naye akaendelea kueleza, kwa sauti ya chini, asije akamwamsha.