Alama ya Mlango

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na ulimi wake mkali kuliko mkasi. Siku aliyolazwa ili ajifungue kwa upasuaji alinivuta mkono: "Dada, mwambie huyo daktari asinishone kama gunia la mkaa!"

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kimbelembele changu hakikuanza jana. Tulikuwa tumeletewa nyuzi mpya za majaribio. Kila uzi umebeba dawa, nao huitoa kidogo kidogo mwilini ili kidonda kifunge bila kuacha kovu. Nilimbembeleza daktari, mdogo wangu akatia sahihi, akashonwa kwa uzi huo.

Mtoto, wa kike, alitoka kimya, hapumui. Nilimpokea mimi, na mpaka leo mikono yangu inaujua uzito wake. Mama yake alikuwa bado usingizini kwa dawa. Kabla hajazinduka, sisi wakubwa tuliamua asionyeshwe, ati ataumia zaidi. Tukamzika mtoto.

Baada ya miezi minane alirudi kliniki. Daktari alimpapasa tumbo, akawaita wenzake.

"Tazameni! Hata ukimulika tochi huoni kitu."

Nikacheka kwa fahari, mpumbavu mimi.

Walipotoka, mdogo wangu alibaki amelala, blauzi juu.

"Dada, mimi nikiziba tundu la suruali lisionekane, mteja hunisifu. Lakini mwanangu sikumwona. Sikumshika. Nilijua angalau nitabaki na alama ya mlango aliotokea. Na huo nao mmeupiga lipu?"

Nilitaka kusema nisamehe, nikashika ukingo wa kitanda.

Alipekua mkoba wake, akatoa chaki ya kuchorea vitambaa, akaniwekea kiganjani.

"Wewe ulikuwepo. Nichoree."

Niliinama. Nikaanzia kushoto, nikauvuta mstari hadi kulia, chini kabisa ya tumbo, palepale pa siku ile. Aliinua kichwa akaukagua kwa jicho la fundi.

"Alipita hapa?"

"Alipita hapo."

Akaishusha blauzi polepole, kitambaa kisije kikaufuta.

"Haya, niambie. Alifanana na nani?"

"Na wewe," nikasema, nikiwa nimechelewa miezi minane.