Kikohozi cha Baba Mdogo

Hebu niambie, mtu mzima na akili zake anawezaje kutazama filamu ya mgonjwa wa kifua asishtuke kwamba mgonjwa amepona ghafla? Basi Mkuu, mwenye studio, aliweza. Na asubuhi ile alikuwa na furaha zake, anazunguka na kikombe cha chai katikati ya meza za wahariri kama bwana harusi.

"Makasi, njoo uone maajabu!"

Makasi lilikuwa jina la kazini. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mhariri wa video mwenye mkono mwepesi kuliko wote pale ghorofani, juu ya duka la matairi. Wiki hiyo walikuwa wakijaribu toleo jipya la programu yao ya kuhariri. Watengenezaji walikuwa wametuma fomu: kila kipengele kipya kijaribiwe, kipewe alama, na studio itakayoijaza vizuri itatumia programu mwaka mzima bure. Mkuu akisikia bure, haambiliki.

Kipengele kilichosifiwa zaidi kiliitwa Safisha. Unabonyeza mara moja, kelele zote zinaondoka. Jana yake Makasi alikuwa amekijaribu kwenye hotuba ya mahafali iliyoharibiwa na feni ya ukumbini. Feni ikatoweka kabisa. Akapiga makofi peke yake, akaandika kwenye fomu kwa kalamu yake mwenyewe: tisa kwa kumi. Akaenda zake nyumbani.

Sasa aliketi mbele ya kompyuta ya Mkuu, na aliyemwona kwenye skrini ni baba yake mdogo.

Ilikuwa ile filamu ya wapakia saruji. Baba mdogo alipakia mifuko kiwandani miaka kumi na tisa, vumbi likamjaa mapafuni, na kiwanda kikasema kifua chake ni cha sigara. Sigara! Mtu ambaye hata moshi wa jikoni anaukimbia. Saa nane mchana, bodi ya afya ya wafanyakazi ingetazama filamu hiyo na kuamua kama kiwanda kiwatibu yeye na wenzake. Daktari alishasema wazi: bila matibabu, mwaka ujao haumalizi. Kwa hiyo Makasi aliihariri filamu ile wiki mbili nzima, na kila kikohozi alikiacha mahali pake.

Kwenye skrini baba mdogo alikuwa anatiririka kama mtangazaji wa redio. "Niliingia kiwandani na nguvu zangu. Usiku silali, nakaa kitandani mpaka kuche." Hakohoi, hatweti. Hata picha zilikuwa zimeungwa, huoni mshono.

"Kikohozi kiko wapi?" Makasi aliuliza.

"Kimeondoka!" Mkuu alicheka. "Kilikuwa kinachosha masikio. Dakika nne sasa ni mbili na sekunde kumi. Si wewe uliyeipa Safisha tisa? Nikasema, Makasi akisema tisa, mimi ni nani nibishe? Nimesafisha yote, bodi wanayo tangu saa mbili."

Damu ikampanda kichwani. "Mkuu, una akili timamu kweli? Kikohozi ndiyo kesi yenyewe! Umewapelekea mtu mzima wa afya, anayelalamika bure!"

"Chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga miaka sita! Leo sichungi!"

Mlangoni mtu alikuwa anavuta pumzi. Baba mdogo alikuwa amekuja kuiona filamu kabla ya kwenda kwenye bodi, na ngazi zilikuwa zimemmaliza. Sauti yake ya kwenye filamu aliisikia tangu koridoni. Akasogea, akaitazama mpaka mwisho, hakuna aliyethubutu kuizima.

"Mwanangu," akasema taratibu, na macho yamemwiva. "Umeniponya? Bila hata dawa?"

"Baba mdogo, si mimi..." Akaiona ile tisa kwenye fomu, mwandiko wake mwenyewe.

"Kiwanda kikisema siumwi, nasema hao ni watu baki. Leo damu yangu nayo inasema siumwi!" Kikohozi kikamkaba, akashika meza kwa mikono miwili. Mkuu akainamia kikombe chake.

Makasi akapiga simu kwenye bodi. Wakamjibu kwamba kilichopokelewa kimepokelewa, hakibadilishwi. Nusura airushe simu dirishani. Alijichukia, akamchukia Mkuu, akaichukia ile fomu iliyokuwa bado mezani na tisa yake. Na ni kwenye fomu hiyo hiyo alipoona mstari alioruka jana: Sikiliza Kilichoondolewa. Aliuruka kwa sababu nani asikilize takataka?

Akakitafuta kitufe hicho kwenye programu, akabonyeza. Maneno hayakuwepo hata moja. Kilitoka kikohozi kitupu, kimoja nyuma ya kingine, dakika moja na sekunde hamsini. Akakihifadhi kwenye flashi bila kumuomba mtu ruhusa, akamshika baba mdogo mkono, wakashuka ngazi.

Kwenye ukumbi wa bodi filamu ilionyeshwa kama ilivyotumwa. Mwenyekiti akavua miwani. "Mzee wetu anaongea vizuri tu, tumshukuru Mungu. Pumzi anayo."

"Hana!" Makasi alikuwa ameshasimama. "Mmeona pumzi kwa sababu mashine imefuta kikohozi chake. Na mimi ndiye niliyeisifu mashine hiyo, mniandike jina langu."

"Binti, filamu haibadilishwi."

"Sibadilishi kitu, mheshimiwa. Hii ni sehemu ya filamu hiyo hiyo, ile mliyonyimwa."

Wajumbe wakatazamana. "Dakika mbili," mwenyekiti akasema.

Skrini ilibaki nyeusi. Kwenye spika baba mdogo akaanza kukohoa. Akakohoa kikavu, akakohoa cha kamasi, akavuta hewa kwa mluzi, akarudia. Mjumbe mmoja mama akashika kifua chake mwenyewe. Hata nusu ya muda haijafika, mwenyekiti akainua mkono.

"Inatosha, tumeelewa. Zima, tafadhali."

Makasi akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzima. Baba mdogo akamkamata mkono.

"Iache." Akainuka polepole, na hasira yake yote ikamtoka kwa sauti ndogo. "Hata dakika haijaisha, mnaomba izimwe. Mimi ninacho kikohozi hiki mwaka wa saba huu, mheshimiwa, na hicho kitufe cha kuzima sijawahi kupewa."

Ikaendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyeomba tena izimwe.