Gari Lililongoja Maziwa

Lori lilikuwa limeshaiacha Sangailu nyuma, nyumba za mwisho zimemezwa na vumbi, ndipo simu ya Yarrow ilipolia. Alijua ni nani kabla ya kuitazama. Dadake Fosia alisimama kando ya njia akiwaangalia wakiondoka, na sasa maneno yalikuwa yamempata.

"Mwambie tena," Fosia alisema. "Gari likirudi zima, ni lake. Likirudi limekunjwa, Jumatatu linabeba maziwa kama zamani, na habari ya mbio sitaki kuisikia ndani ya nyumba yangu."

"Amesikia, walaal," Yarrow alimjibu dadake.

"Mwambie tena."

Yarrow akamgeukia Sahro, binti wa dadake, aliyeketi katikati amepakata helmeti yake. "Mama yako anasema..."

"Nimesikia, abti," alimjibu mjomba wake. "Hata ngamia wamesikia."

Warfa, fundi kutoka Garissa, alicheka akiegemea mlango. Nyuma yao, juu ya lori, gari lenyewe lilifungwa kamba kila upande: Probox nyeupe iliyobeba kwa miaka mitungi ya maziwa ya ngamia ya Fosia mpaka harufu ikaingia kwenye mabati. Warfa alitoa viti na zulia, akabakiza kiti cha dereva. Nyuma alitia springi ngumu na stabilaiza nene, ule mtaimbo wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale upande kwenye kona.

Ile stabilaiza ilikuwa shauri la Yarrow. Kwa malori yake alikuwa amepeleka maji Dadaab, ng'ombe Garissa, sukari mpaka Diff, hajawahi kutulia mji mmoja, na katika mambo ya gari alikuwa na neno moja tu: kaza nyuma. Warfa hakubisha. Gereji yake yote ilikula kwa kukaza magari nyuma. Miguuni mwao kulikuwa na gunia la vyuma, ndani yake springi za asili za gari na stabilaiza nyingine nyembamba. Walizibeba kwa mazoea tu. Huko kwao mtu hatoki bila spea, hata ile aliyokwisha kuidharau.

Mbio zilikuwa nje ya Garissa, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa zamani, sasa kimetiwa lami mpya na kupangwa mataili yaliyopakwa chokaa kuonyesha kona. Yarrow alishuka kwenye lori, akapiga hatua chache, akasimama. Akavua viatu. Maisha yake yote barabara ilikuwa imempiga mgongo, na hii haikuwa na pa kumpigia. Ilikwenda nyeusi, laini, mpaka ikagusana na mbingu. Akainama akaipapasa kwa kiganja kama mtu anayempapasa mnyama asiyemjua.

"Subhanallah," alisema polepole. "Inakwenda wapi?"

"Inarudi hapa hapa, abti," Sahro alisema.

"Wametia lami yote hii ili mtu arudi alipotoka?"

"Arudi haraka."

Yarrow hakucheka. Alikuwa hajawahi kuona barabara isiyokwenda mahali, na ilimjia kwamba pengine ndiyo sababu ilikuwa nzuri hivyo.

Saa ya mazoezi Sahro alizunguka mara ya kwanza pole pole, mara ya pili akaongeza. Kwenye kona moja ndefu akaondoa mguu kwenye mafuta. Gurudumu la nyuma likanyanyuka, likaning'inia hewani, mkia ukatoka mbio kuja mbele, gari likazunguka kama pia na kusimama linatazama lilikotoka. Taili la kwanza lilikuwa umbali wa shubiri moja kutoka mlangoni. Yarrow akaitoa simu mfukoni, akaizima, Fosia asije akapiga.

Sahro alirudi, akavua helmeti. "Mbele inashika. Lakini nikitoa mguu tu, nyuma inanikimbia. Nikirudi kwenye ile kona hivi, navingirika."

"Basi tujaze mitungi ya maji tuweke nyuma," Yarrow alisema. "Itatulia."

"Adeer, mzee wangu, hapa hatuendi Dadaab," Warfa akacheka. Kisha cheko likamkatikia mdomoni. "Hebu rudia hapo."

"Nasema tuipe mzigo."

Warfa akaenda nyuma ya gari, akalikandamiza kwa mikono miwili. Halikushuka. Akalikalia kwa matako, mtu mzito kama yeye, na bado halikushuka. Akabaki ameketi pale, mikono magotini.

"Wallahi, tumeitengeneza kama yenye maziwa ndani," alisema. "Gari hii inangoja maziwa."

Yarrow akalitazama gari, akaona ni kweli. Hakuna aliyewahi kumletea Warfa gari la kwenda tupu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliwaza. Gari tupu lilikuwa gari linalorudi nyumbani, na malori yake yote, yakirudi tupu kutoka Diff, yaliruka njia nzima kama mbuzi, naye akadhani ni barabara.

"Legeza nyuma," alisema. Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake.

"Natoa stabilaiza kabisa," Warfa alisema akichukua spana.

"Usiitoe," Sahro alisema. "Ukiitoa, mbele itakataa kukata kona, nitaenda wima kwenye mataili. Nataka nyuma inifuate. Isinitangulie, isiburutwe."

"Umekuwa fundi lini, wewe?"

"Tangu nilipozunguka kama pia."

Basi ikawa ile nyembamba, na springi za asili. Warfa akalala chini ya gari, Yarrow akimpa spana, na walipolishusha kutoka kwenye jeki lilikaa chini kwa pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Mbio zilipoanza Yarrow alikwenda kusimama kwenye kona ile ndefu, peku. Magari ya Nairobi yalipita kwanza yakipiga kelele. Kisha ikaja Probox. Sahro akaondoa mguu kwenye mafuta, sauti ikashuka, gari likainama kidogo kama mtu anayeingia mlango mfupi, na likakaa. Mkia ulifuata. Mataili yaliimba noti moja, haikupanda wala kushuka, kona nzima. Yarrow alisahau kupumua. Fimbo ya chuma, nyembamba kuliko kidole gumba chake, ilikuwa imeshika msichana mzima na mwendo wote ule, na haikuonekana ikifanya kazi. Kila Sahro alipopita Yarrow alisema subhanallah, na kila mara alilisema kama hajawahi kulisema.

Sahro alimaliza wa saba, bila mkwaruzo. Waliporudi Sangailu, Fosia alilizunguka gari akipapasa kila mlango, akampa binti yake funguo, akaingia ndani kupika. Baadaye alinunua pikapu ya kubebea maziwa, na Warfa akaikaza nyuma. Stabilaiza nene iko gereji Garissa, wanabanulia mataili. Yarrow anabeba saruji mpaka Diff. Akirudi tupu huendesha polepole.