Mwisho wa Lami

Ramani ya Wagdi ilikuwa kuukuu, imepasuka kwenye mikunjo na kubandikwa karatasi za gundi mara nyingi mno, hata miji mingine ilikuwa imefunikwa kabisa. Hakuna aliyeihitaji. Lakini safari ya jangwani bila kuikunjua ramani ile nyumbani kwa Wagdi, mtaa wa Shubra, Kairo, isingekuwa safari. Kila mwaka joto likishavunjika, mke wa Wagdi aliondoa sahani za maharage mezani, na marafiki watatu wakainamisha vichwa kama waganga.

Wagdi, fundi wa lifti, ndiye aliyekuwa kiongozi, na gari lake ndilo lililotangulia. Raufu, muuza dawa, alikuwa mpishi wa safari na mdomo wake. Kuendesha mchangani hajui, na wala hataki kujua. Fikri, mwandika vibao vya maduka, aliendesha gari la pili. Na gari la pili si pambo. Gari moja haliingii jangwani, kwa sababu likizama mchangani hakuna wa kulivuta, na mchanga hauna huruma na mtu mwenye haraka. Sheria hiyo Wagdi aliishika kama alivyoishika Kwaresima yake.

Mwaka huu walikuwa na jambo kubwa. Wangelala kwanza katika hifadhi ya Jangwa Jeupe, katikati ya majabali ya chokaa waliyoyajua tangu ujana, kisha wateremke kusini hadi hifadhi ya Gilf Kebir, ambako hawajawahi kukanyaga. Kibali walikisubiri tangu kiangazi, na sasa kilikuwa pale mezani, majina ya madereva wawili yameandikwa: Wagdi na Fikri.

"Tuondoke jua likishatoka," Fikri alisema.

Raufu akaangua kicheko. "Msikilizeni bwana harusi! Anataka aogeshwe kwanza, apakwe na hina."

"Mgongo wangu siku hizi hauamki alfajiri."

"Mgongo! Wewe si ndiye uliyekuwa unatugongea milango kabla muadhini hajakohoa? Mke wangu alikuwa anakuapiza, wallahi."

"Basi mwambie mwaka huu apumzike kuniapiza."

Wakacheka wote isipokuwa Wagdi. Alimtazama Fikri kidogo, akaanza kukunja ramani. "Sawa," alisema. "Jua likishatoka."

Mgongo wa Fikri ulikuwa mzima kama wa punda wa kubeba chokaa. Kilichokuwa kinakufa ni macho. Ni ugonjwa wa ukoo wao. Mjomba wake aliishia kushikwa mkono kupelekwa msalani. Mwanzo Fikri alijikwaa gizani, akalaumu taa za ngazi. Kisha herufi zake zikaanza kupanda na kushuka ubaoni, zile herufi ambazo mtaa mzima ulizijua kwa unyoofu wake, na mwenye duka la viatu akamrudishia kibao kwa aibu. Mchana wa jua kali aliona vizuri kilicho mbele ya pua, lakini pembeni dunia ilikuwa imekatwa, kama anayechungulia kwa bomba. Kukiingia kivuli, hata hicho cha mbele kilizimika. Daktari alimwambia asitegemee kuiona tena baridi nyingine. Kuhusu gari alisema neno moja tu: uza.

Jambo hilo alilijua mkewe peke yake. Suheri alikuwa akichemsha mayai ya safari, akayaacha yapasuke kwa hasira.

"Waambie, Fikri."

"Nikiwaambia hatuendi. Wagdi haingii na gari moja hata umpe Misri nzima."

"Basi msiende! Kwani mawe yale yatakimbia?"

"Mawe hayakimbii. Mimi ndiye ninayekimbiwa." Aliketi kwenye kiti cha jikoni akayashika magoti yake. "Suheri, nina mara moja tu iliyobaki. Nataka niyaone yakigeuka rangi asubuhi, mara moja, nikiwa najua kwamba ni mara ya mwisho. Nikirudi funguo nakupa wewe. Uza, choma, fanya utakalo."

"Na Raufu atakayekaa kando yako? Huyo si mtoto wa watu?"

Suheri alimenya yai moja, akalitia chumvi, akampa. Alilia, lakini aliyafunga mayai na mitende kwenye kapu kama kila mwaka. Kosa lake lilikuwa hilo, kumpenda mtu hata akamsaidia kufanya upumbavu.

Waliondoka jua likiwa juu ya paa. Fikri na Raufu wakasoma Fatiha, Wagdi akapiga ishara ya msalaba, na magari mawili yakaiacha Kairo na moshi wake. Barabara ya kwenda mji wa jangwani wa Bahariya imenyooka, na kwa jua lile Fikri aliliona gari la Wagdi mbele yake wazi kabisa, na mistari ya lami, na hilo likamtosha. Alianza hata kuamini kwamba daktari amekosea. Kando yake Raufu alikuwa akibangua mbegu za maboga na kusimulia habari za mteja aliyetaka dawa ya kumnyamazisha mama mkwe.

"Nikamwambia, hiyo ipo, lakini unakunywa wewe."

Fikri alicheka kwa moyo wote. Alikuwa na furaha ya mwizi aliyefika kona bila kupigiwa yowe.

Katikati ya njia walisimama kwenye mgahawa wa chai. Wagdi alinyoosha mkono kumpa glasi yake, kutoka ubavuni. Fikri alipita kana kwamba hapakuwa na mkono wala glasi, akaigonga kwa kiwiko, chai ikamwagikia viatu vya Raufu.

"Ee, muuaji! Viatu vya Idi hivi!"

"Samahani, samahani. Mawazo yalikuwa mbali."

"Yarudishe, bwana, kabla hujanichoma na miguu."

Wagdi aliokota vipande vya glasi kimoja kimoja. Waliporudi kwenye magari alisimama kidogo akimwangalia Fikri anavyoitafuta kwa vidole tundu ya ufunguo iliyo kivulini.

Alasiri ikiwa bado na nguvu walipita Bahariya, wakapita na vilima vyeusi, hadi mahali ambapo njia ya magari ya jangwani inaiacha lami na kuelekea kwenye majabali. Kutoka pale yanaonekana, mbali kidogo, yamesimama kama nguo zilizoanikwa. Fikri alishuka akayatazama. Alikuwa amefika. Mchanga mzito wa jangwani ulianzia hatua chache mbele ya viatu vyake.

Walikuwa na desturi yao mahali pale. Kabla ya kupunguza upepo wa matairi ili yasizame mchangani, kila dereva hukagua gari la mwenzake, si lake. Ilianza mwaka ambao dumu la Wagdi lilikuwa na ufa, yeye mwenyewe akaliangalia mara tatu na asiuone, kwa kuwa mtu huyaonea huruma makosa ya mali yake. Wakarudi na ndimi zimevimba kwa kiu. Tangu hapo, mkaguzi huangalia matairi, kamba, mafuta, na zaidi ya yote tangi la maji lililofungwa uvunguni nyuma. Akimaliza husema kwa sauti: nimeona kwa jicho langu. Neno likishasemwa, mwenzake haangalii tena. Analala juu ya neno hilo.

Wagdi alilikagua gari la Fikri. "Nimeona kwa jicho langu," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Fikri akaenda kwenye gari la Wagdi. Matairi aliyaona, jua lilikuwa linayapiga. Kamba aliivuta, imekaza. Akafika nyuma, akapiga magoti, akainama uvunguni. Giza tupu. Alisubiri macho yazoee, kama mtu anayemsubiri mgeni ambaye barua yake ya kutokuja ameshaipata. Akagusa tangi kwa juu, likawa baridi, limejaa. Akasimama akajifuta mchanga.

"Nimeona kwa jicho langu."

"Umeona?" Wagdi aliuliza.

"Nimeona. Salama kabisa. Twende."

"Rudi chini."

"Nini?"

"Piga magoti, Fikri. Nipe mkono wako."

Alimshika kiganja akakishusha uvunguni, akakikandamiza chini. Mchanga ulikuwa umelowa. Ulikuwa umelowa hasa, matope, na juu ya kifundo cha mkono wake Fikri akahisi maji yakidondoka taratibu kutoka kwenye koki ya tangi.

"Nimeifungua mimi," Wagdi alisema. "Mimi, kwa mkono wangu, nimemwaga maji kwenye mchanga. Nilikuwa naomba uniambie. Yesu shahidi yangu, nilikuwa naomba unitukane, uniulize ni mjinga gani aliyeacha koki wazi."

Alikuwa analia. Raufu alikuja na sufuria mkononi, akasimama.

"Kuna nini? Mmeua mtu?"

"Bado," Wagdi alisema. "Haoni, Raufu. Amekuendesha kutoka Kairo mpaka hapa, na haoni."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Fikri hakungoja kilio. Alikaa pale pale chini, mgongo kwenye gurudumu, akawaambia yote, mjomba, vibao, daktari. Raufu aliitua sufuria polepole.

"Mimi nina mabinti wawili hawajaolewa," alisema. Haikuwa mzaha. Fikri alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile, na ilimuumiza kuliko machozi ya Wagdi.

"Nilitaka kuyaona mara moja tu."

"Ungeyaona!" Wagdi alipiga bodi ya gari kwa kofi. "Mwezi uliopita ungeniambia, ningetafuta dereva hapo Bahariya, wamejaa tele, tukaandika jina lake kwenye kibali. Ungekaa mbele, kando yangu, dirisha wazi, huna kazi ila kutazama. Ningekubeba mgongoni, mpumbavu wewe! Ulidhani sisi tunasafiri na gari lako?"

Hilo Fikri hakuwahi kulifikiria. Miezi yote ile alipanga jinsi ya kuficha, saa ya kuondoka, upande wa kukaa, uongo wa mgongo, na hata siku moja hakufikiri kwamba angeweza kuomba. Alikuwa ameufunga mlango yeye mwenyewe na kulalamika kwamba umefungwa.

"Na sasa?" Raufu aliuliza. "Hata pale karibu? Hata lile jabali la kwanza?"

"Gari moja haliingii," Wagdi alisema. "Na mimi siingii mchangani na mtu aliyeniambia ameona. Leo siwezi. Tulale hapa kando ya lami, kesho turudi."

Fikri alitoa ufunguo mfukoni akaunyoosha. Raufu aliuchukua, kwenye lami anaweza.

Wagdi alikwenda akasimama nyuma ya gari lake, mgongo kwao. Raufu aliwasha moto wa chai na kuusahau. Jua likainama. Saa hiyo ndiyo Fikri aliyokuwa akiwaita wenzake kila mwaka, akiwakemea waache vyombo, waje waone. Sasa Raufu ndiye aliyekuja kukaa kando yake, bila kitu cha kufanyia mzaha.

"Angalia," alisema kwa upole. "Yameanza kugeuka rangi."

Mbele ya Fikri palikuwa na kijivu kimoja, kikizidi kuwa kizito, hakina juu wala chini. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lililomtumikia tangu kiangazi. Naona. Alilimeza.

"Sioni," alisema.

"Huoni hata lile kubwa, lenye shingo?"

"Sioni kitu, Raufu. Hata uso wako siuoni."

Hatua zikaja mchangani, na mtu mzito akaketi upande wa pili, karibu mno, bega kwa bega. Alinuka jasho na mafuta ya gari.

"Lenye shingo limekuwa rangi ya komamanga," Wagdi alisema. "Juu tu. Chini bado jeupe."

"Na ule uyoga wa jiwe?"

"Umesimama. Upande wa jua una rangi ya peremende za mtoto. Nyuma yake kuna kijiwe kidogo hatukuwahi kukiona, kama kuku aliyelalia mayai. Subiri, sasa linageuka na lile la kushoto."

Aliendelea kuyataja moja baada ya jingine, yeye ambaye maneno kwake yalikuwa kama kung'oa meno. Jua lilizama, rangi zikaondoka, usiku ukayafunika majabali yote mpaka Wagdi naye akawa haoni kitu. Hata hivyo hakunyamaza.