Shavu la Mama

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, mdomo wangu ufungwe.

Dada yangu mfinyanzi alikuwa akimjenga marehemu mama yetu kwa udongo, mrefu kupita mlango, asimame mbele ya zahanati alikozalisha wanawake miaka thelathini. Mama hakupenda picha. Akiona kamera aligeuza kisogo. Sura yake ilibaki kwenye kijisanamu kimoja tu cha udongo mkavu, ambacho dada alikifinyanga mama akiwa hai, amekaa mbele yake.

Kanuni ya dada ilikuwa moja: upana wa kidole kwenye kile kidogo ni shibiri nzima kwenye kikubwa. Alipima kwa bikari, akapiga hesabu, akabandika udongo, kuanzia miguuni kwenda juu. Hakubahatisha hata ukucha.

Siku alipomaliza kichwa alishuka ngazi, akarudi nyuma hadi mlangoni, akavaa miwani. Mara nikasikia beseni likigonga ukuta.

"Nani kamchana mama usoni?"

Shavu la kushoto lilikuwa limebonyea, na katikati limepitiwa na kovu nene kama kamba ya ng'ombe. Akakimbilia kijisanamu, akakisogeza dirishani. Kovu lilikuwepo, jembamba kama unywele.

"Paka," nikasema.

"Paka!"

"Yule mweusi. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Alipanda mezani, akalamba kucha, akamtazama mama..."

"Endelea."

Nami, bila haya, nikaendelea. Nikamrusha paka dirishani, nikamkimbiza mitaa mitatu na kandambili moja mguuni.

Dada akanikamata mkono, akauburuta, akaweka ukingo wa dole gumba langu kwenye lile shavu dogo. Ukaingia kama ufunguo kwenye kitasa. Mimi ni seremala mstaafu. Dole hilo lilipasuliwa na msumeno zamani, likaungana vibaya.

"Paka wako naye ni seremala?"

"Dada, nilitaka atabasamu kidogo tu. Kila nikiingia humu ananikazia macho."

"Alikukazia macho kwa sababu ya uongo wako! Sura yake nilikuwa nayo moja duniani. Moja! Ukailowesha mate ukaibonyeza kama unga wa chapati! Hata kumzika ulichelewa, ukaja na hadithi ya daraja kuvunjika!"

"Lilivunjika kweli."

Akanisogelea hadi puani. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa beseni. Alinitazama shavu, akalitazama tena.

"Kaa hapo kwenye kigoda. Na hizo ndevu zinyoe."

"Ya nini tena?"

"Shavu hilo hukulinunua, alikupa mama. Leo unalirudisha. Na usitikise mdomo: ukisema neno, vipimo vinaharibika, naanza upya."

Leo ni siku ya nne. Bikari ina baridi, na dada ananigeuza kidevu kama anafungua chupa iliyogoma. Asubuhi jirani aliingia, akamwona mama na shavu moja, akaniuliza, "Mzee, kulikoni?"

Nilikuwa na hadithi nzuri ajabu. Paka alikuwemo, na daraja.

Dada akainua bikari.

Nikaufumba mdomo.