Sahani Zinaporudi Uani

...na hata maji ya kunawa hayajaja, tumekaa hapa meza ya mlangoni mie na mama kama mizigo iliyosahauliwa stesheni, na baba mdogo Jabiri anapita na kitambaa chake begani anafuta meza zisizo na kitu, anafuta ya kulia, anafuta ya kushoto, yetu anairuka, kisha anainama kidogo upande wa mama, sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye adabu zake, "Shemeji, piteni uani basi, kuna jamvi, kuna kivuli, mtaletewa huko huko," na mama anamjibu, "Hapa panatosha, shemeji," bila kumtazama, anatazama watu, na mie hotuba yangu yote nimeshaipanga kichwani, hoja ya kwanza, hoja ya pili, na ile ya mwisho ya kummaliza, nasubiri tu anipe mlango, neno moja tu baba mdogo, sema neno moja la kunitibua... hasemi, anakwenda kufuta meza nyingine. Nimechoka. Wiki nzima hii sikuwa na kazi ila kusikiliza watu wakinieleza mwanamke aliyetoka eda apelekwe kula wapi, utafikiri ni shauri la barazani kwa liwali, na yote yalianza Ijumaa ile mama alipotoka ndani, ameshaoga, ameshavaa, udi unanukia nyumba nzima, baba mdogo akaja kukaa kwenye kibaraza na heshima zake zote, akakohoa, akasema shemeji, eda imekwisha, Mungu amrehemu kaka, kaka katuachia hoteli, na hoteli ni jiko, jiko linakungoja, yule mwanamke niliyemshika kwa muda nitampa nauli arudi kwao, na mama akasema, "Nitakujibu nikishakula hotelini." Baba mdogo akacheka. "Hotelini, wewe?" "Hotelini, mie. Mezani. Sijapata kula hotelini maisha yangu." Na ilikuwa kweli, ndiyo iliyonichoma, mwanamke aliyepikia hoteli tangu mie sijaota meno hajapata kukalia kiti cha hoteli, chakula chake alikilia uani, amechuchumaa, ukoko wa chini ya sufuria na mchuzi uliobaki, na mie mwanawe niko Makerere nakula kwa uma, na siku za mdahalo nasimama mbele ya wanaume wa nchi nzima nawaambia mwanamke wa Afrika ya Mashariki hatangoja tena mlangoni, wanapiga makofi, wanapiga na meza... kumbe mama yangu hata hapo mlangoni hajafika, yuko nyuma ya pazia.

Basi Temeke nzima ikawa na maoni. Shangazi Mwajabu, dada yake baba, akasema mpeleke Kariakoo kwa yule Mmanga, mikate ya ajemi unaiona inatoka motoni, na wanawake wametengewa mahali pao, pazia safi, na mie napajua hapo mahali pao, ni baina ya magunia ya ngano na ukuta, unakula unautazama ukuta, nikamwambia shangazi, hiyo siyo hoteli, hiyo ni stoo yenye sahani, akaniambia, "Ulimi huo, Chausiku, utakuozesha kwa nani?" Jirani akasema Kinondoni kuna supu ya makongoro ya kumfufua maiti, ndiyo, ila mlango wa pili wanauza pombe, na wanaokunywa huku wanamalizia kuimba kule. Binamu yangu mwenye lori akasema nyie wa mjini hamjui kula, chakula kiko Ubungo, pale njia inapokwenda bara, kibanda cha makuti, kuku anachinjwa ukimwona, na kweli kuku ni mtamu, sibishi, nilikula pale nikitoka safari, lakini lori moja likipita unakula kuku na nusu ya barabara ya Morogoro. Na mjini, je? Mjini nilikwenda mwenyewe kwanza, na Kamugisha, mwenzangu wa chuo, mtu wa Bukoba, mpole mno, tukaenda hotelini kwa Taiyeb, Mhindi, meza za marumaru, chai ya maziwa ina iliki mpaka puani, bajia za moto, na pale Wahindi wenzake waliokaa ndani wanakunywa kwa vikombe vya udongo vyenye maua na sie wa kwenye varanda tunaletewa makopo ya bati, Kamugisha akashika kopo lake akaanza kupuliza, nikamwambia weka chini, nikamwita mwenyewe, akaja, mzee mtaratibu, akasema, "Mama, chai ni ile ile," nikasema, "Basi na kikombe kiwe kile kile," akatazama, akaenda, akaleta vikombe vyenye maua... pale pale kwenye varanda. Nikaona nimeshinda. Kamugisha akasema umeshinda nini, bado tuko nje. Na nilipoinua macho nikamwona Zarin, mke wa Taiyeb, dirishani ghorofani, amejitanda, anatutazama tunakunywa chai ya mumewe, na wakati ule sikufikiri kitu, sasa nafikiri, naye kapata kukaa kwenye marumaru yale? Na ile hoteli kubwa ya Wazungu karibu na bandari sikufika hata ngazi, bawabu Mzaramo mwenzetu, kofia nyekundu, aliniona ninavyokuja akajua, akanong'ona, "Dada, tafadhali, usinitilie mchanga kwenye unga wangu," nikageuka, sikuwa na hoja ya kumjibu mtu mwenye watoto. Hivyo ndivyo nilivyorudi kwa mama na ripoti yangu, huku kuna pazia, huku kuna varanda, huku kuna vumbi, huku kuna bawabu, nikasema mama, katika mji huu na nje yake hakuna mahali pa kula ambapo hapana nyuma yake, na mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho, akasema, "Nipeleke kwa baba yako." Baba yuko makaburini, mama. "Hotelini kwake. Mbele."

Na ndiyo hapa. Tulipoingia wanaume walinyamaza wote, kijiko kikasikika kikiwekwa, sasa wameanza tena, wale makuli watatu wa bandarini na yule fundi wa kofia ya kitambaa na kijana mmoja wa meno makubwa, wanaongea kwa sauti iliyozidi kidogo, ya watu wanaojifanya hawakuoni, na wanaongea nini, wanaongea hoteli! Nao! "Mie sasa nahamia kwa yule Mshihiri wa Keko," anasema kuli mmoja, "hapa mchuzi umekuwa wa kuoshea mikono." "Tangu afe mzee Hija," anasema fundi. "Ee, marehemu alikuwa na mkono, bwana. Alikuwaga akitia nazi, kijiko kinasimama chenyewe." "Mkono wa Hija! Haupatikani tena ule." "Umezikwa nao." Mkono wa Hija... mkono wa baba, Mungu amlaze pema, mtu aliyekuwa akitaka chumvi anaita, akitaka maji anaita, ambaye jikoni aliingia kuhesabu kuni tu, mkono gani, watu nyie, mkono wenyewe huu hapa umelala mezani mbele yenu, una alama ya moto hapa kwenye kifundo, una kovu la mbuzi ya nazi kwenye kidole, na nimeshainuka, kiti kimeshalia, hoja ya kwanza imeshafika kwenye meno... "Kaa." Mkono ule ule uko juu ya goti langu. "Mama, umesikia wanavyosema?" "Mie siyo kiziwi." "Basi niache niwaambie." "Ukiwaambia watanyamaza tena. Mie nimekuja kuwaona." Kuwaona? Kuwaona nini, mama, makuli? Na yeye anasogeza shela kidogo mdomoni, kama msichana anayetaka kusengenya, ananong'ona, "Yule fundi. Nadhani ndiye wa mifupa." Mifupa gani... na anaanza kunieleza, polepole, macho kwao, kwamba miaka yote ile yeye watu hakuwaona, aliona sahani, Fransis, mhudumu wa mezani, anazipitisha chini ya pazia, zinarudi uani za kuoshwa, na yeye kila siku anazitazama kabla ya kuzitia majini, kuna mmoja anapanga mifupa ukingoni, mkubwa, mdogo, mdogo zaidi, kama dagaa juani, kuna mmoja analikamua limau mpaka ganda linageuka nje ndani, kuna mmoja, huyo alimtia wasiwasi sana, kila siku anabakisha tonge moja pembeni, moja tu, zima, halijaguswa, "nikasema huyu mzee, meno hana, basi siku nyingi nikawa naulegeza wali kidogo kwa ajili yake," na hapo Fransis anapita anakusanya vyombo, mtu wa bara huyu Fransis, miaka yote anamwamkia mama kupitia kwenye pazia na leo hajui aweke wapi macho yake, anachukua sahani ya yule kijana wa meno makubwa, na ukingoni mwa sahani, peke yake, tonge. Mama ananifinya. "Ee! Kijana! Meno hayo yote!" Anacheka, mabega yanatikisika ndani ya buibui, mama yangu anacheka, sijamsikia akicheka tangu tumzike baba, na nadhani hata kabla, na mie nimekaa na hotuba yangu kama mtu aliyevaa koti zito siku ya jua, maana nilidhani nimemleta kwenye mdahalo, nilidhani tumekuja kukalia kiti ili kiti kijue kimekaliwa, na yeye anamtafuta wa limau. "Wa limau nilidhani mnene," anasema. "Kumbe labda ni yule mwembamba. Hebu mtazame vidole."

Natazama vidole. Kweli natazama. Halafu natazama ng'ambo, kule pazia, kwa sababu limetikisika na upepo hakuna, na nyuma ya pazia kuna jicho. Jicho moja, na vidole vinne vyenye unga vimeshika ukingo wa kitambaa, na linamtazama mama, halimtazami mtu mwingine, linamtazama mama kama sie tulivyokuwa tukimtazama mkaguzi wa shule akiingia darasani, na ndiyo kwanza nakumbuka kwamba yule wa muda, yule wa kupewa nauli, ana jina, Genoveva, ametoka Mahenge huko na mtoto mgongoni, shangazi ndiye aliyeniambia, na mie nilipita juu ya jina lile kama mtu anavyoruka dimbwi. Hoja ya kwanza, mama asirudi jikoni. Hoja ya pili, baba mdogo hana haki. Hoja ya tatu... katika hoja zangu zote kulikuwa na mama na baba mdogo na mie, Genoveva hayumo, mama akikubali anarudi Mahenge, mama akikataa anabaki pale pale alipokuwa mama, anachuchumaa, anakula ukoko, na wanaume hapa watausifu mkono wa Jabiri, watausifu, nakwambia, watasema una nazi. Na hili kule Makerere ningesimama upande gani? Fransis anakuja mikono mitupu. "Kaka Fransis, chakula chetu vipi?" "Kinakuja, dada... mpishi anapakua, hakimridhishi, anakirudisha sufuriani, anapakua tena." Makuli wanaangua kicheko, "Leo kapata wageni!" na mama hacheki na hawa. "Mwambie asihangaike," anasema, "mwambie mie nina njaa, basi." Fransis anakwenda. Mama ananiinamia, harufu ya udi, na chini ya udi, hata leo, harufu ya moshi, haijamtoka, haitamtoka. "Wali umeungua," ananong'ona. "Toka tumekaa nausikia. Ameuacha moto mkubwa, ni woga. Nitaumaliza. Na wewe umalize." "Mama, wali ulioungua?" "Umalize wote, usibakize hata punje. Mie hakuna aliyenirudishia neno, Chausiku, zilikuwa zinarudi sahani. Basi sahani ya huyu wa jikoni irudi nyeupe, ajue kimeliwa." Na baba mdogo je, namuuliza mama, anasubiri jibu lake. "Si ataiona na yeye sahani, ajue jiko lina mpishi." "Na mie nikipika tena nitapika barazani kwangu. Vitumbua. Wanaokula niwaone."

Na hivyo tu. Hakunyoosha kidole, hakutaja haki, hakuna aliyepiga meza, na shauri limekwisha na mwenye kushtakiwa hajui kuwa limekwisha, yuko kule pembeni anakunja kitambaa chake, anakikunjua, na sasa anakuja tena, najua analokuja nalo, linakuja na kikohozi chake mbele, "Shemeji, jua hili la mlangoni... uani kuna kivuli," na mama, "Hapa panatosha, shemeji," na baba mdogo ananitazama mie sasa, anasubiri yangu, anajua ninayo, wote wanajua, hata fundi ameacha mfupa wake mkononi, na mie ninayo, yote, imepangika, inang'aa... "Shikamoo, baba mdogo," nasema, "naomba na limau." Anasimama. Anakitupia kitambaa begani, anakwenda kutafuta limau. Pazia limetulia, vidole havipo, ndani kuna mlio wa mwiko ukikwangua sufuria, unakwangua, unasimama, unakwangua tena, kijana wa meno makubwa anapangusa mdomo, makuli wamerudi kwa Mshihiri wao wa Keko, maji ya kunawa bado hayajaja, na mie niliyeingia hapa nimeshiba maneno mpaka kooni, naiona njaa, njaa ya kweli, harufu ya wali ulioungua inanijaza mate.